Steringi Hafi kwa Sababu Kuna Aliyeandika

Kuna kauli imezoeleka mno kwa sisi tunaojiita watu wa fasihi, nami nimeichoka. Mtu akitaja filamu za Batman, Superman au Blade, mwenzake anajibu kwa ile sauti ya kushusha: "Ah, zile si kazi za mwandishi bwana, zile ni kompyuta na mamilioni ya dola." Watu wanacheka, mazungumzo yanarudi kwenye riwaya. Nasema kauli hiyo ni uvivu, tena uvivu wenye madhara. Inatufanya tusione uandishi ulipo, na inawapa nguvu wale ambao kila siku wanamnyima mwandishi haki yake kwa hoja hiyohiyo: kwani wewe umefanya nini hapa?

Ili tusibishane hewani, nachukua mtu mmoja, David S. Goyer. Najua wengi hamlijui jina, na hiyo ni sehemu ya hoja yangu. Kazi zake mnazijua. Ni Mmarekani aliyekulia Ann Arbor, Michigan, akasomea uandishi wa filamu chuo kikuu huko Los Angeles. Mwaka 1990, kabla hajatimiza miaka 25, ikatoka filamu aliyoiandika, Death Warrant, yule Van Damme akiwa polisi anayejifanya mfungwa ili achunguze mauaji gerezani. Mwaka uliofuata ikaja Kickboxer 2. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza, akapigwa joto huku akisikiliza filamu ya Kizungu ikitafsiriwa na sauti ya Lufufu, au ya DJ Afro kule Kenya, anaifahamu vizuri dunia hiyo ya mateke. Tulimjua steringi. Tulijua hata kanuni kuu, kwamba steringi hafi. Hatukuuliza nani kaamua asife, na kwa sababu gani.

Baada ya hapo Goyer akaandika Dark City pamoja na Alex Proyas na Lem Dobbs, na Blade, zote za 1998. Akaandika na Christopher Nolan Batman Begins ya 2005, akashiriki kutunga hadithi za The Dark Knight na The Dark Knight Rises, akaandika Man of Steel ya 2013. Kwenye televisheni ana Da Vinci's Demons, ana mkono kwenye The Sandman, na tangu 2021 ipo Foundation, aliyoianzisha na Josh Friedman kutoka vitabu vya Isaac Asimov. Hiyo ni miaka zaidi ya 30 ya kuandika mashujaa na dunia zisizokuwepo. Sasa tusikilize mashtaka.

Shtaka la kwanza: wahusika si wake. Batman alikuwepo tangu 1939, Superman tangu 1938, Blade tangu 1973. Goyer kawakuta, kawaazima, kwa hiyo si mtunzi.

Hapo ndipo nashangaa, maana anayesema hivyo mara nyingi ndiye huyohuyo anayefundisha tenzi. Adui mkuu wa Batman Begins anaitwa Ra's al Ghul. Katuni za Batman zilimleta mwaka 1971, na jina ni la Kiarabu, maana yake kichwa cha zimwi. Sisi wa Kiswahili jina hilo tunalo tangu karne ya 19 katika Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya 4,000. Sisemi wahusika hawa wawili ni mmoja. Kinachofanana ni jina tu. Ninachouliza ni hiki: Mgeni bin Faqihi alibuni kisa chake? Hakukibuni. Kilikuwa kikisimuliwa kwa Kiarabu kabla yake. Na Bwana Mwengo alipotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, vita vya Herekali alivibuni yeye? Hata kidogo. Wote wawili walipokea visa vya mashujaa vilivyokuwa vinajulikana, wakaamua waanzie wapi, wakae wapi kwa beti mia na wapite wapi kwa beti tatu, nani aongee na kwa ulimi gani. Maamuzi hayo tunayaita utunzi, na hakuna profesa anayethubutu kuwaita mafundi wa kukopa. Mwalimu Nyerere alipouleta Julius Caesar kwa Kiswahili tuliupokea kama tukio la fasihi, na Shakespeare mwenyewe kisa alikitoa kwa Plutarko. Basi mizani iwe moja.

Tena Goyer hakuazima akarudisha kitu kilekile. Blade wa katuni, aliyebuniwa na Marv Wolfman na Gene Colan, alikuwa mwindaji wa vampaya, hao mumiani wa Kizungu, na kinga yake ilikuwa kwamba wakimuuma hageuki. Blade wa Goyer ana kiu ileile ya wale anaowaua, na kila siku lazima achome dawa ili asinywe damu. Angalia kilichobadilika. Wa kwanza ana adui nje tu. Wa pili ana adui nje na ndani ya mishipa yake. Badiliko hilo halikufanywa na kompyuta. Na halikuishia kwenye filamu: baada yake Marvel ikambadilisha Blade wa kwenye katuni naye awe hivyo. Mto umepanda kwenye chemchemi.

Vilevile katika Batman Begins. Karibu saa nzima inapita kabla hujamwona mtu amevaa vazi la popo. Katika filamu ya Batman! Muda huo wote unatumika kwenye neno moja: woga. Mtoto anaogopa popo, woga wake unawafanya wazazi watoke mapema kwenye ukumbi wa maonyesho, wanauawa njiani, yeye anabaki na hatia. Kila adui anayekuja baadaye, kuanzia jambazi wa mjini hadi daktari mwenye gesi ya kutia hofu, anatumia woga kwa namna yake. Hata vazi lenyewe ni jibu la swali hilo. Mwanafunzi wa kidato cha sita akiletewa riwaya yenye dhamira iliyofumwa namna hii ataandika kurasa nne za uchambuzi. Akiletewa filamu, tunamwambia asipoteze muda.

Foundation nayo ni hivyohivyo. Asimov aliandika hadithi zinazoruka miaka mia kwa mara moja, kila ukizoea wahusika wanakwisha. Kwenye kitabu inawezekana. Kwenye tamthilia mtazamaji atamshika nani mkono? Jibu walilotoa ni familia ya wafalme ambao ni nakala za mtu mmoja, kijana, mtu mzima na mzee, wanaopokezana kiti kizazi hadi kizazi kwa sura ileile. Hakuna kitu hicho kwa Asimov. Kwa pigo moja wametatua shida ya ufundi, mwigizaji anabaki ingawa karne zinapita, na wamesema jambo kuhusu utawala usiokubali kuzeeka. Bara letu lina nchi kadhaa ambako hilo halihitaji maelezo marefu.

Shtaka la pili: ubora wenyewe mbona unayumba? Kweli unayumba, na mimi simtetei mtu kwa kufumba macho. Blade: Trinity ya 2004, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, ni dhaifu. Blade mwenyewe anasukumwa pembeni kwenye hadithi yake, nafasi wanapewa vijana wawili wenye mizaha. Batman v Superman ya 2016, aliyoandika na Chris Terrio, imebeba visa vya filamu tatu kwenye gunia moja. Na Man of Steel inaisha kwa Superman kumvunja shingo Jenerali Zod, jambo lililowagawa wapenzi wa Superman hadi mwandishi wa katuni Mark Waid akalilaumu hadharani.

Lakini hebu tazama aina ya makosa haya. Mhusika mkuu kusahauliwa, visa kurundikwa, tendo kubwa ambalo filamu haijalijengea msingi wa kutosha: hayo ni makosa ya uandishi, yaleyale tunayoyaandikia mapitio kwenye riwaya. Ugomvi wa Zod ni ugomvi wa fasihi kabisa: je, mtu ambaye tangu 1938 anasimamia wema anaweza kuua akabaki yeye? Kwangu jibu lingewezekana kuwa ndiyo, kama filamu ingekaa na tendo lile. Haikukaa. Analia kwa uchungu, muda si mrefu anapewa kazi gazetini, mambo yanaendelea. Hapo mwandishi kaacha deni. Sasa, kama kazi hizi kweli hazina mwandishi, deni hilo tunamdai nani?

Shtaka la tatu ndilo lenye sumu: wako wengi, haijulikani nani kaandika nini, kwa hiyo hakuna mwandishi. Ndugu zangu, wingi wa mikono si sababu ya kufuta majina. Ni sababu ya kuyaandika kwa uangalifu zaidi. Wenzetu Marekani wana chama cha waandishi kinachosimamia jambo hilo hadi kwenye alama. Ukiona & kati ya majina mawili, maana yake walikaa pamoja kama timu. Ukiona neno zima la kiunganishi, maana yake kila mmoja alifanya sehemu yake kwa nafasi yake. Kuna jina la aliyetunga hadithi, kuna jina la aliyeandika skripti, na ukitokea ubishi, waamuzi wanasoma rasimu zote. Ndiyo maana The Dark Knight inamtaja Goyer kwenye hadithi, na skripti inabaki kwa Jonathan na Christopher Nolan. Kila mtu na chake, na malipo yanafuata jina.

Haki hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 2023 waandishi kama 11,500 waliweka kalamu chini kuanzia Mei 2, siku 148, hadi Septemba 27. Walidai malipo yanayoendana na biashara ya kutazama filamu kwenye intaneti, na walidai akili mnemba isihesabiwe kuwa mwandishi. Wakapata kifungu kwenye mkataba. Ambapo hakuna ulinzi wa namna hiyo, mambo huwa mengine. Marv Wolfman, huyohuyo aliyembuni Blade, alikwenda mahakamani kudai haki ya mhusika wake. Mwaka 2000 akashindwa. Kwa hiyo nisieleweke kwamba Hollywood ni pepo ya waandishi. Nasema kule wanapigania kitu kwa sababu wanajua kipo.

Na sisi je? Tembea Kariakoo au sehemu yoyote wanapobandika mabango ya filamu zetu. Utaona sura za waigizaji, utaona jina la kampuni, mara nyingi la mwongozaji. Jina la mwandishi litafute kwa tochi. Skripti inaombwa kwa mdomo, inalipwa kwa ahadi, na filamu ikitoka imekuwa "wazo la pamoja". Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Sheria hailali. Kilicholala ni desturi, na desturi tunailisha sisi wenyewe wasomaji na wahakiki. Mzalishaji anayemwambia kijana "skripti ni kitu gani bwana, sisi tukifika lokesheni tunaelewana" anasema maneno yaleyale ya mhakiki anayesema filamu za mashujaa hazina mwandishi. Tofauti yao ni kwamba mmoja anaokoa fedha.

Nasikia tayari mtu anasema: kwa hiyo unataka tuache Shaaban Robert tusome Batman? Hapana. Nataka macho tunayomsomea Shaaban Robert tusiyavue mlangoni tunapoingia kwenye filamu. Watu wetu wengi hadithi zao ndefu wanazipata kwenye skrini, ya ukutani au ya simu. Kama fasihi ya skrini haina wahakiki wa Kiswahili, basi jambo linalowalea vijana wetu linapita bila kuulizwa hata swali moja.

Kwa hiyo nadai mambo mawili, madogo kabisa. Anayeandika mapitio ya filamu au tamthilia, iwe ya Hollywood au ya Bongo, amtaje mwandishi wake katika aya ya kwanza, na aseme angalau uamuzi mmoja wa mwandishi huyo uliofanikiwa au ulioshindwa. Na anayetunuku, anayepanga matamasha, anayebandika mabango, aliweke jina hilo mahali mtu mwenye macho ya kawaida atalisoma. Filamu ambayo mwandishi wake hatajwi popote, tuulize hadharani ni nani, na tusikubali kuambiwa ni kazi ya wote.