Baada ya Titi Kuondolewa

Mama wa Kanoni aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani, akarejea kutoka Bugando, Mwanza, husikia neno moja kila apitapo: "Mshukuru Mungu, umepona." Neno hilo ni jema, lakini humfunga mdomo. Baada ya hapo atawezaje kusema kwamba hulia kila aogapo?

Ndugu msomaji, kilio hicho si utovu wa shukrani. Titi limelea watoto na kupendwa na mume. Kulililia ni sawa na kukililia kiungo kingine chochote. Mume anayehamia chumba kingine "ili mgonjwa apumzike" huenda anamwonea huruma, kumbe mkewe adhani anamkinai. Saratani haiambukizi kitandani. Yafaa aulize wazi: "Mama watoto, waweza kunionyesha kovu?" Akikataa, asubiri. Lakini mama akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki mbili mfululizo, hiyo si huzuni ya kupuuzwa, daktari aambiwe.

Je, titi laweza kutengenezwa upya? Laweza. Mwaka 1895 daktari Vincenz Czerny wa Heidelberg, Ujerumani, aliripoti kuhamisha uvimbe wa mafuta usio na madhara kutoka mwilini mwa mgonjwa wake na kuujaza mahali pa titi. Siku hizi hutumika nyama ya tumboni au ya mgongoni, au mfuko wa silikoni, siku ileile ya kukatwa au hata miaka baadaye. Kwa hiyo asiyeuliza mwanzoni hajachelewa. Ila ni upasuaji mwingine na kovu jingine; titi hilo halitoi maziwa, hisia zake hazirudi zote, na tiba ya mionzi huzidisha uwezekano wa matatizo. Nionavyo mimi, uamuzi ni wa mwenye mwili, si wa mume wala wa mawifi.

Wengi hawataufikia upasuaji huo, kwa umbali na gharama. Hao wasidharau sindano na uzi. Kidonda kikishapona kabisa, fundi cherehani ashone mfuko wa kitambaa laini cha pamba, aujaze pamba, na ndani ya sidiria ashone kijaluba cha kuushikilia. Mfuko mwepesi hupanda juu mama ainamapo shambani. Basi chini yake atie kifuko kidogo cha maharage, ambayo Karagwe hayakosekani. Siku ya kufua yatolewe kwanza, yasije yakaota.