Wastani wa Shule na Watoto Wasiokuwemo

Mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba wa Tanzania Bara wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi kwa pamoja, kisha Januari 2028 waingie kidato cha kwanza wakiwa kundi moja kubwa. Ndiyo hesabu ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyoipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita na kuuondolea mtihani wa darasa la saba madaraka yake ya kuamua nani aende sekondari na nani abaki nyumbani. Madarasa yatakayohitajika yanazungumzwa, na ni haki yazungumzwe. Madawati na walimu pia. Kinachozungumzwa kidogo ni kwamba mtihani huo umekuwa na kazi nyingine ambayo haukutungiwa: kuihukumu shule.

Toleo hili la jarida letu linaishughulikia kazi hiyo. Mzazi anayetaka kujua kama shule ya serikali ya jirani inafaa huwa na njia mbili. Anaweza kufungua tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, akatafuta mkoa, halmashauri, jina la shule, akasoma wastani. Au anaulizia: kwa jirani, kwa bodaboda anayepeleka watoto asubuhi, kwa mama aliyemhamisha mwanawe mwaka jana. Njia zote mbili zina ukweli ndani yake. Zote mbili, zikiachwa zilivyo, humwonea mwalimu aliyekubali kuwafundisha watoto wenye mahitaji makubwa kuliko wote, na humficha mtoto aliyepotelea njiani.

Ushahidi wa jambo hili upo hapa hapa nchini. Mwaka 2013, baada ya matokeo ya kidato cha nne ya 2012 kuishtua nchi nzima, serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Kwa upande wa elimu, moja ya hatua zake ilikuwa kuzipanga shule kwa matokeo na kuzitangaza hadharani. Kila shule ya msingi ikajua nafasi yake kitaifa na kiwilaya, na ikapewa rangi: kijani, njano au nyekundu. Mpango haukuja na adhabu kali. Nguvu yake ilikuwa kule kutajwa mbele za watu, na hasa mbele ya ofisa elimu wa wilaya, ambaye sasa aliweza kumwita mwalimu mkuu na kumwonyesha alipo kwenye orodha.

Mbinu hiyo ilifanya kazi. Wachumi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichambua matokeo ya shule za nchi nzima kati ya 2011 na 2016, wakaona kuwa shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliinua matokeo. Anayesema kutangaza takwimu hakusaidii kitu hana budi kuanzia hapo, kwa sababu watoto wa shule dhaifu ndio walionufaika, na ndio waliosahaulika zaidi siku zote. Lakini watafiti hao hao waliona kitu cha pili katika shule zile zile: idadi ya watoto waliofika darasa la saba na kufanya mtihani ilipungua. Shule zilikuwa zimeanza kuchagua nani ahesabiwe.

Hesabu yake haihitaji utaalamu. Shule ina watahiniwa 40, na 20 wanafaulu. Ufaulu ni asilimia 50. Mwaka unaofuata, katika kundi jingine la watoto 40, wanne walio dhaifu kuliko wote wanakaririshwa darasa la sita, au wanaacha shule na hakuna anayekwenda nyumbani kwao kuuliza. Wanabaki 36, wanafaulu 20 vilevile. Ufaulu umefika karibu asilimia 56, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza herufi zaidi. Kwenye kikao cha halmashauri mwalimu mkuu anapongezwa. Wale wanne hawana mahali pa kuonekana katika karatasi ile, maana wastani hutengenezwa na waliokaa kwenye chumba cha mtihani tu.

Kuna njia mbaya zaidi za kuupata ufaulu. Oktoba 2018 NECTA ilifuta matokeo ya mtihani wa darasa la saba kwa shule zote za Halmashauri ya Chemba mkoani Dodoma, pamoja na shule kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa, baada ya kubainika udanganyifu. Watoto wakarudishwa kuufanya mtihani upya. Waliotahayari siku ile walikuwa watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, na hali kosa lilikuwa la watu wazima waliokuwa wakiitafuta sifa ya shule au ya wilaya.

Hata pale ambapo kila mtu ni mwaminifu, asilimia ya ufaulu husema mambo tofauti kila mwaka kutegemea imepatikanaje. Mwaka 2011 ufaulu wa darasa la saba ulikuwa takriban asilimia 58. Mwanzoni mwa 2012 serikali ikakiri kuwa zaidi ya wanafunzi elfu tano walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka huo huo mfumo wa kusahihisha kwa mashine ukaanza, na ufaulu ukaanguka hadi kama asilimia 31. Hakuna anayeweza kuamini kwamba akili za watoto wa Tanzania zilipungua kwa karibu nusu ndani ya miezi kumi na miwili. Kufikia 2019 ufaulu ulikuwa umevuka asilimia 80. Katika kupanda huko kuna juhudi za kweli za walimu, na kuna pia mazoezi ya kuchagua jibu, majaribio ya ujirani mwema yasiyokwisha, kambi za kitaaluma na watoto wanaofika shuleni kabla ya jua kuchomoza. Sehemu ipi ni elimu na ipi ni mazoea ya mtihani, asilimia haisemi.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Kaimu Katibu Mtendaji wa NECTA, Athumani Amasi, alieleza kuwa Baraza halitataja tena shule kumi bora wala watahiniwa bora. Hoja yake ilikuwa kwamba shule hazifanani kwa mazingira, na kuzitaja ni kama kuzifanyia matangazo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na ulichelewa. Ila wastani wa kila shule bado unasomeka, na mwenye simu na jioni moja anaweza kujitengenezea orodha yake akairusha kwenye kundi la WhatsApp. Kenya ilipitia njia hiyo. Mwaka 2014 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku kupanga shule kwa matokeo, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Mtihani wa KCPE wa kumaliza elimu ya msingi, ulioanza 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na wazazi bado wanataka kujua shule ipi ni ipi. Ukimnyima mzazi takwimu mbaya bila kumpa nzuri, atarudi kwenye ile mbaya.

Takwimu nzuri inawezekana, na kwa sehemu kubwa tayari imo kwenye kompyuta za NECTA. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba ya PReM, ambayo humfuata hata akihama shule. Watoto hufanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, na miaka mitatu baadaye hufanya mtihani wa kumaliza. Kwa kuunganisha vitu hivyo vitatu, Baraza linaweza kumwambia mzazi wa kijiji chochote kwamba, kati ya watoto waliopimwa darasa la nne shuleni hapo, hawa wamefika mwisho, hawa wamekariri, hawa wamehamia shule fulani, na hawa hawajulikani walipo. Linaweza pia kusema waliofika wamesogea kiasi gani kutoka walipokuwa. Shule ya Mbagala yenye watoto zaidi ya mia katika darasa moja, wanaosoma kwa zamu, iliyowapokea wakiwa hawasomi sentensi na kuwafikisha daraja C, imefanya kazi kubwa kuliko shule iliyowapokea wakiwa wanasoma hadithi na kuwaacha kwenye daraja B. Leo ya pili ndiyo inayosifiwa.

Kipimo hicho nacho kina udhaifu. Shule ndogo yenye watahiniwa kumi na wanane itapanda na kushuka kila mwaka kwa bahati tu ya watoto wawili watatu, kwa hiyo inafaa kusomwa kwa miaka mitatu kwa mpigo. Na ikiwa mwalimu mkuu atajua kuwa anapimwa kwa hatua zilizopigwa tangu darasa la nne, atashawishika kuwaacha wa darasa la nne wapate vibaya. Ndiyo sababu namba isiachwe iwe hakimu peke yake, na hapo ndipo maoni ya wazazi yanapohitajika.

Yanahitajika, lakini kwa kuulizwa vizuri. Mzazi akiulizwa kama ameridhika na shule, hujibu kuhusu kile anachokiona kwa mbali: sare, nidhamu, Kiingereza. Shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Upanga jijini Dar es Salaam, zimekuwa zikigombewa kwa miaka mingi, na jibu la kwanza la wengi kwa nini zinapendwa ni lugha. Wengine husifu shule kwa ukali wake. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa makosa mazito; shule inayosifiwa mtaani kwamba watoto wananyooshwa mara nyingi ni shule isiyoijua kanuni hiyo au isiyoijali. Sifa ya namna hiyo haistahili kuhesabiwa kuwa maoni ya ubora.

Halafu kuna sauti zisizosikika. Kwenye kikao cha wazazi husimama yule aliyesoma, mwenye duka, au aliye kwenye kamati. Bibi anayelea wajukuu watatu baada ya mama yao kwenda mjini kutafuta kazi hukaa nyuma, kama amefika. Mara nyingi wajukuu hao ndio wale wasiotokea kwenye wastani.

Hata kumpa mzazi habari sahihi hakutoshi. Kuanzia 2009 mradi wa Uwezo ulipita kaya kwa kaya Tanzania, Kenya na Uganda, ukiwapima watoto kusoma na kuhesabu na kuwaeleza wazazi matokeo papo hapo. Kwa Tanzania ripoti zake za mwanzo zilionyesha kuwa takriban theluthi moja tu ya watoto wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ni habari ya kumwamsha yeyote. Lakini watafiti Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walipochunguza vijiji vya Kenya vilivyopata habari hizo, hawakuona wazazi wakibadilisha mienendo yao kwa kiasi cha kupimika. Kumwambia mzazi kwamba mwanawe hasomi, bila kuonyeshwa amwone nani na adai nini, ni kumwongezea mzigo.

Kinachofaa ni kumuuliza mzazi mambo ambayo ni yeye tu, na mwanawe, wanaoyajua vizuri. Wiki hii mwalimu wa hesabu aliingia darasani siku ngapi? Daftari limesahihishwa lini mara ya mwisho? Mtoto anakula nini mchana, na mzazi aliyeshindwa kutoa mahindi mwanawe anafanyiwa nini? Binti anakwenda shule siku zote za mwezi? Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa 2014 ulikuta kuwa, watafiti walipofika shule za msingi za Tanzania bila taarifa, karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani, na wengi wao walikuwa wamo katika eneo la shule. Hakuna mtihani wa Septemba unaoweza kulifichua hilo kwa wakati. Mtoto wa darasa la pili anaweza, akiulizwa jioni.

Maswali hayo yana mahali pa kukaa. Tangu ukaguzi wa shule ulipogeuzwa kuwa udhibiti ubora, kiunzi cha mwaka 2017 kinawataka wadhibiti waangalie maeneo sita, yakiwemo ufundishaji, usalama na afya ya watoto, na ushiriki wa jamii, pamoja na matokeo. Ni kipimo kipana na cha haki kuliko chochote kilichowahi kubandikwa kwenye tovuti. Kinastahili kutoka kwenye majalada ya halmashauri na kuwekwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja.

Jarida hili linaitaka NECTA na Ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, TAMISEMI, kabla ya kundi la 2027 kumaliza, ziweke kando ya kila wastani wa shule idadi ya watoto waliopimwa darasa la nne na idadi ya waliofika mwisho. Safu mbili tu, na namba zake zipo. Kwa mzazi ambaye hataki kusubiri serikali, kikao kijacho cha shule kinatosha. Mwalimu mkuu atakaposoma asilimia ya ufaulu, aulizwe kwa heshima watoto walioandikishwa darasa la kwanza pamoja na watahiniwa hao walikuwa wangapi, na waliopungua wako wapi. Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.