KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Taa ya vifaranga isituchomee nyumba

Mwezi huu tunaongea juu ya taa ya kupasha joto vifaranga, maana kuna jambo linatusumbua. Tukipita mitaani tunaona maboksi mengi ambayo globu inaning'inia kwa waya wake wenyewe wa umeme. Jamani, hapana.

Sisi wenyewe tulifanya hivyo hivyo. Usiku fundo likateleza, globu ikaangukia maranda. Aliyetuokoa ni mtoto aliyeamka kwenda chooni, akasikia harufu ya moshi. Tulipoteza vifaranga 11 na nusu ya mkeka. Nyumba ilibaki kwa huruma ya Mungu. Na nyumba zetu, turubai na nyasi, zimebanana: moto wa boksi moja ni moto wa mtaa mzima.

Basi tufanye hivi.

Globu. Tutumie ile ya zamani yenye waya mwembamba ndani, wati 60 kwa boksi dogo. Globu za kubana umeme hazifai, zinatoa mwanga, joto lake ni dogo.

Holda. Iwe ya kauri. Ya plastiki inalainika kwa joto, halafu globu inadondoka.

Kuunga waya. Kwanza chomoeni plagi kabisa. Kuzima swichi tu hakutoshi. Menyeni ncha kama sentimita moja, sokoteni nyuzi zake, kazeni skrubu, na usibaki hata uzi mmoja nje. Waya wa kahawia ndio wenye moto, wa bluu ni wa kurudisha. Kwenye waya za zamani, mwekundu ndio wa moto na mweusi wa kurudisha. Kama globu ni ya kuzungusha, waya wa moto uende kwenye kile kibati cha katikati chini ya holda, usiende kwenye nyuzi za pembeni ambazo mkono unagusa. Swichi nayo ikae kwenye waya wa moto. Plagi ikiwa na fyuzi, ampea 3 zinatosha kabisa. Msiunge waya katikati kwa karatasi ya nailoni, tafadhali.

Wengine wanaweka kopo la bati liwe kofia ya taa. Sawa, lakini bati hilo lazima lifungwe waya wa tatu, wa kijani na njano, unaofika ardhini kweli. Soketi yenu haina ardhi? Acheni kopo.

Kuning'iniza. Lazeni mti imara juu ya boksi, uupigilie misumari pande zote mbili. Holda ishikwe na mnyororo au waya wa kufungia, siyo kamba ya nailoni. Kisha ongezeni waya wa pili, umefungwa mahali pengine, ili wa kwanza ukikatika taa isifike chini. Waya wa umeme ubaki umelegea, usibebe uzito wowote. Zungushieni globu wavu wa chuma, kuku akiruka asiiguse. Anzeni na sentimita 45 kutoka kwenye maranda. Isishuke chini ya 30. Boksi likae mbali na pazia, chandarua na ukuta wa nyasi.

Joto. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi 32 hadi 35, halafu punguzeni nyuzi 3 hivi kila wiki kwa kupandisha taa. Huna kipimajoto? Waangalie wenyewe. Wakijibana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia kwenye kona huku midomo wazi, wameunguzwa. Wakitawanyika, wanakula na kulala ovyo ovyo, hapo umepatia. Kwa hiyo taa ikae upande mmoja wa boksi, ili mwenye joto apate pa kukimbilia.

Na asiye na umeme? Sola ndogo ya nyumbani haiwezi. Globu ya wati 60 kwa saa 12 inakula zaidi ya nusu ya betri ya ampea 100 ya volti 12. Jazeni maji ya moto kwenye kidumu cha lita 5, mkifunge vizuri, mkizungushie nguo nzito, mkibadilishe kikipoa. Au mwacheni mama kuku alee mwenyewe, hadai umeme wala fyuzi. Lakini msilale na jiko la mkaa ndani kwa ajili ya vifaranga. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Leo jioni, kabla ya kulala, kila mwenye boksi avute taa yake kidogo kwa mkono, ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Ikicheza, ifungwe upya kwanza. Kifaranga aliyekufa tutampata mwingine.

Tuonane mwezi ujao.