Afya Nyumbani: Chembe Zisizongoja Ruhusa

Hapa Igowole mtu akikonda na kuchoka, twasema ni kazi ya kuchuma chai. Tumbo likijaa upande wa kushoto, wengine husema amerogwa. Huenda ni saratani ya damu.

Chembe za damu huzaliwa ndani ya mifupa. Chembe nzima hungoja ujumbe wa mwili ndipo igawanyike. Lakini katika saratani moja ya damu, iendayo polepole, nyuzi mbili za urithi, ya 9 na ya 22, hubadilishana vipande, kama alivyoonyesha Dakta Janet Rowley wa Marekani mwaka 1973. Hapo hutokea protini inayoamuru chembe izaane bila kutumwa, kama bomba lililoharibika koki. Mama hakumrithisha mwanawe, wala jirani hakumroga.

Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huifunga koki hiyo. Humezwa kila siku. Mgonjwa asiiache kwa kuwa amepata nafuu.

Basi tusikawie. Tumwombe Mungu, tukapime damu, na tukipewa rufaa ya Mbeya, twende.