Bahari ni ya watu wote

Naomba kusema jambo kwa faida ya wakulima wenzangu wa Kericho na Bomet. Chai yetu hushuka Mombasa kupigwa mnada, lakini wengi wetu tunaoichuma hatujawahi kuiona bahari. Tunadhani ni ya watalii wa melini na wageni wa hoteli. Sivyo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma.

Mwaka jana, bonasi ya chai ilipoingia, nilimpeleka mama kutoka Litein. Matatu hadi Nairobi, kisha treni ya SGR hadi Mombasa, daraja la kawaida, shilingi 1,500 kila mmoja. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji huuita Pirates, hauna kiingilio. Hata abiria aliyeshuka melini Kilindini kwa saa chache anaweza kuvuka feri ya Likoni kwa miguu bila kulipa, akafika ufuo wa Shelly. Chakula tulinunua njiani: mahamri, mbaazi za nazi na dafu. Muhimu ni kuwauliza wavuvi saa za kupwa na kujaa kabla ya kuingia majini.

Mama amechuma chai tangu usichana wake. Alisimama maji yakimfika magotini, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akanishika mkono. Ndugu zangu, bonasi ikitoka tengeni kidogo, muwapeleke wazee wakaione bahari wangali na nguvu.