Nyayo Kwenye Theluji: Nani Mwenye Njia ya Wote?

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Norwei, Jumapili moja ya Februari nilipanda treni ya mjini Oslo hadi Frognerseteren, kituo kilichopo ukingoni mwa msitu wa Nordmarka. Behewa lilijaa watu waliobeba ski, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni ili kuteleza juu ya theluji. Mimi nilikuwa na buti tu. Nikaikuta njia pana nyeupe, na ndani yake mistari miwili iliyonyooka kama reli. Pembeni theluji ilikuwa laini na ilinimeza mguu. Kwenye mistari ilikuwa imeshindiliwa. Nikachagua kutembea juu ya mistari.

Baada ya hatua kama mia mbili, mzee mmoja alisimama, akanisalimu, kisha akanyoosha kidole nyuma yangu. Mistari ilikuwa imeharibika. Akanieleza kwamba usiku kila shimo la buti lingeganda na kuwa gumu kama jiwe, na asubuhi mtoto anayejifunza kuteleza angenasa hapo na kuanguka. Hakunigombeza. Nami nilisikia aibu kuliko kama angenigombeza.

Wengi wakisikia kisa hiki husema: hiyo ndiyo nidhamu ya Wazungu, tuige. Naiona hukumu hiyo kuwa nyepesi mno. Swali la msingi ni hili: ikiwa msitu ni wa wote, kwa haki gani mtelezaji amwambie mtembea kwa miguu asikanyage hapa?

Tuanze na sheria. Norwei ina haki ya kale iitwayo allemannsretten, yaani haki ya kila mtu, iliyoingizwa katika sheria ya mwaka 1957. Kila mtu, raia au mgeni, anaruhusiwa kupita kwa miguu au kwa ski katika misitu na nyika, hata pale ardhi inapomilikiwa na mtu binafsi, mradi apite kwa uangalifu. Majira ya baridi haki hiyo hupanuka: ardhi ikiganda au kufunikwa na theluji, mtu anaweza kukatiza hata mashamba ambayo wakati wa kilimo hayaruhusiwi kuingiliwa, ila si ua wala bustani ya nyumba ya mtu. Hekima yake ni nyepesi kuielewa: chini ya theluji hakuna mche wa kukanyagwa.

Hata hivyo, kuwa na haki ya kupita si kuwa na ruhusa ya kufanya lolote. Sheria ya mwaka 1977 inazuia kwa ujumla vyombo vya moto katika nyika hizo, isipokuwa kwa shughuli na vibali maalumu. Aliyeitunga alitambua kwamba pikipiki moja ya theluji inaweza kuwanyima watu mia utulivu waliousafiria.

Kati ya buti na ski, hata hivyo, sheria haikuchora mpaka. Hapo hutawala desturi, na desturi hiyo ina sababu. Mistari ile haikushuka na theluji. Chama kiitwacho Skiforeningen, kilichoanzishwa mwaka 1883, hutunza zaidi ya kilomita 2,000 za njia katika misitu inayouzunguka mji huo, kwa mashine, ada za wanachama, michango na nguvu za watu wanaojitolea. Anayekanyaga mistari anabomoa kazi ya mwingine ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mzee yule alikuwa na haki ya kunisimamisha.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na wanaotetea desturi bila masharti. Kutunza njia humpa mtu heshima, na pengine kipaumbele katika njia hiyo. Hakumpi umiliki wa msitu. Nilikutana pia na watelezaji waliowafokea wazazi wenye watoto wadogo, kana kwamba asiye na ski hakupaswa kutoka nyumbani. Aghalabu waliofokewa walikuwa wahamiaji. Desturi isiyoandikwa popote huwa nyepesi kwa aliyezaliwa ndani yake. Kwa mgeni huwa ukuta asiouona mpaka augonge.

Kwa maoni yangu, kanuni ya kumzuia mtu mahali pa umma ni ya haki ikitimiza masharti matatu. Mosi, iwe na sababu inayoweza kuelezwa, kama mzee yule alivyonieleza habari ya shimo na mtoto. Pili, ionekane: kibao chenye picha mwanzoni mwa njia ni bora kuliko ukali katikati ya msitu. Tatu, anayezuiwa apewe pa kupita. Sharti hili la tatu ndilo zito, na Oslo yenyewe inaonyesha kwamba linawezekana. Kutoka kituo kile kile iko Korketrekkeren, njia ya kuteremkia kwa sleji, na zipo barabara za msituni zinazosafishwa kwa ajili ya waendao kwa miguu. Zipo pia ofisi za BUA, zinazoazimisha vifaa vya michezo bila malipo, zikiwemo ski, ili mtoto wa asiye nacho asibaki kuwa mtazamaji.

Suala hili litazidi kuwa gumu. Majira ya theluji karibu na Oslo yamefupika kadiri hali ya hewa inavyozidi kuwa ya joto. Theluji ikipungua, watu wale wale hubanana katika njia chache zilizobaki, na uvumilivu hupungua pamoja nayo. Wakati wa neema kila mtu ni muungwana. Kanuni hupimwa wakati wa uhaba.

Kwa mwanafunzi, mwanaharakati au mtumishi wa umma anayesoma haya, ombi langu ni moja. Siku utakapoandika katazo kuhusu mali ya wote, usiishie kwenye neno "marufuku". Mwambie mtu sababu, kisha mwonyeshe pa kupita. Mzee yule hakuniacha nimezama kwenye theluji. Kabla ya kuendelea na safari yake, alinielekeza barabara ya waendao kwa miguu, hatua chache nyuma ya miti. Niliifuata mpaka jioni.