Gari la Umeme na Mshindo wa Kimya

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii nimeifafanua darasani miaka mingi, nikidhani kwamba naifahamu barabara, hadi jioni moja hapa mjini Machakos iliponifunza maana yake upya.

Nilikuwa nimeketi kando ya mwalimu mwenzangu, ambaye baada ya kuliendesha gari lake kuukuu la petroli kwa muda mrefu, aliamua kuliuza na kununua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani. Tulikuwa tukienda mwendo wa kinyonga karibu na soko. Mbele yetu, kijana mwenye fimbo nyeupe alisimama ukingoni mwa barabara. Akatega sikio upande wa kulia, akatega upande wa kushoto, kisha akatulia kidogo, kama afanyavyo mtu mwangalifu. Aliporidhika kwamba njia i wazi, akaingia barabarani, mbele yetu kabisa. Mwenzangu alikanyaga breki kwa nguvu. Tulisimama, nadhani, hatua mbili tu kutoka kwake.

Mwenzangu aliteremka upesi. "Pole sana, ndugu yangu," akamwambia. Kijana yule, akiwa bado amepigwa na butwaa, akauliza, "Kwani kuna gari?"

Swali hilo halijanitoka akilini hata leo. Mji wetu una taasisi ya kiufundi ya wasioona, na si jambo geni kukutana na vijana wenye fimbo nyeupe wakienda zao madukani au kituoni. Kwa mtu kama huyo, barabara husomwa kwa masikio. Kijana yule hakufanya kosa lolote. Aliisoma barabara kama alivyofunzwa, na barabara ikamwambia kwamba haina kitu. Aliyekosa kusema ni gari.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwadadisi watu walioacha magari ya petroli na kuingia katika ya umeme, niwaulize ni kitu gani wanachokikosa. Majibu yao ni ya namna nyingi. Yuko anayekosa ngurumo ya injini asubuhi. Yuko anayekosa klachi na kijiti cha gia, hasa akumbukapo zile Peugeot 404 na 504 zilizotamba katika mbio za Safari Rally, ambazo gia yake ilikuwa kando ya usukani. Dereva mmoja aliniambia kwamba alipokuwa akiteremka milima ya Iveti, alirudi gia ya pili, akaisikia injini ikilia na kulizuia gari. Siku hizi huinua tu mguu, gari likajipunguzia mwendo lenyewe, na nguvu ya mteremko ikarudishwa ndani ya betri. Anakiri kwamba utaratibu huu mpya ni bora, lakini mkono wake bado hutafuta kijiti kisichokuwapo. Mwingine alikumbuka jinsi alivyokuwa akiwapeleka wageni Kituluni, mahali ambapo macho humdanganya mtu hata akaona gari lililotiwa gia fri likipanda mlima lenyewe.

Wako pia waliotaja mambo ya dharura. Gari la kale likikataa kuwaka, wapita njia wanne walilisukuma, dereva akaachia klachi, likawaka. Mafuta yakiisha njiani, ulipanda bodaboda na jerikani, ukarudi na lita tano. Umeme haubebwi kwa jerikani. Gari likiishiwa na chaji kati ya Machakos na Kyumvi, litangoja winchi au msaada mwingine.

Je, tuyachukulie malalamiko haya kuwa ni ukumbukizi mtupu wa watu wanaozeeka? Mengine ndivyo yalivyo, wala si aibu. Binadamu hukizoea chombo chake, na lugha huhifadhi mazoea hayo hata baada ya chombo kubadilika. Mpaka leo tunamwambia dereva wa gari la umeme "kanyaga mafuta", ilhali gari lake halina hata tone la petroli. Tanzania ilipoanzisha treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wapo walioendelea kuiita garimoshi, ingawa haitoi moshi. Neno usukani lilikuwa la jahazi kabla ya kuwa la gari. Maneno huhama kutoka chombo hadi chombo bila kudai nauli, na vivyo hivyo mazoea mengi ya madereva yatahama. Mkono uliozoea gia utazoea kitufe. Hapo sioni haja ya kulia matanga.

Hata hivyo, si kila kinachokosekana ni mazoea. Niruhusu, msomaji, nitoe mfano kutoka katika taaluma yangu. Chukua sentensi hii: "Kitabu kile kikubwa kimepotea." Kiambishi "ki" kimetokea mara nne. Mwanafunzi mgeni aliwahi kuniuliza kwa nini Waswahili wanarudia jambo lile lile mara nne, kana kwamba msikilizaji ni kiziwi. Swali lake lilikuwa la haki. Lakini hebu itamke sentensi hiyo ndani ya matatu iliyojaa abiria, muziki ukivuma na honi zikilia. Neno la kwanza litamezwa na kelele, la pili litasikika nusu, na bado msikilizaji atajua kwamba kilichopotea ni kitu cha ngeli ya KI-VI. Wanaisimu huliita jambo hili uziada. Machoni pa mtu mwenye haraka, uziada ni hasara. Kwa hakika ndio unaoyaokoa mawasiliano pale ambapo mazingira si shwari.

Ngurumo ya injini ilikuwa uziada wa aina hiyo. Hakuna mhandisi aliyeibuni kwa ajili ya kuwaonya watu. Ilikuwa ni nishati iliyopotea, na wataalamu walitumia miaka mingi kuipunguza. Hata hivyo, pasipo kuombwa, ilifanya kazi kubwa. Ilimwonya kipofu, mtoto achezaye karibu na lango la shule, na mama aliyebeba mzigo asiyeweza kugeuza shingo. Tulipoiondoa kelele tuliiondoa na kazi yake, na wengi hatukutambua kwamba kazi hiyo ilikuwapo.

Ulimwenguni kote jambo hili limekwisha kutambuliwa. Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba aina mpya za magari ya umeme zitoe mlio wa tahadhari kuanzia Julai 2019, na kuanzia Julai 2021 sharti hilo likayahusu magari yote mapya ya aina hiyo. Mlio hutakiwa mwendo ukiwa hadi kilomita 20 kwa saa, na gari linaporudi nyuma. Kikomo hicho kina sababu yake. Gari likienda kasi, matairi na upepo hutoa sauti ya kutosha. Hatari iko katika mwendo wa pole, yaani sokoni, kituoni, na kwenye malango ya shule, mahali ambapo watu na magari hukaribiana zaidi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Uziada wa pili tuupotezao ni ule uliomsaidia fundi. Nenda kwa mafundi wa jua kali, umpe mmoja wao gari la petroli lenye ugonjwa. Kabla hajagusa kitu atakuambia uliwashe, atainamisha kichwa, na baada ya dakika moja atakutajia kama ni plagi, ni vali, au ni beringi. Elimu hii hakuipata kitabuni. Aliipata kwa kusimama karibu na fundi mkuu tangu ujana wake. Mota ya umeme haina plagi, haina oili ya injini ya kubadilishwa, na sehemu zake zinazozunguka ni chache. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mwenye gari. Lakini ugonjwa ukiingia, mara nyingi huwa katika betri au katika programu, na gari halisemi kwa sikio tena. Husema kwa tarakimu, kwa yule tu aliye na chombo cha kuzisoma. Isitoshe, betri kubwa ya gari hilo hubeba mamia ya volti, na fundi akiligusa kwa mazoea ya zamani anaweza kupoteza uhai. Elimu iliyokuwa wazi kwa kila mwenye masikio na subira inahamia ndani ya kisanduku chenye kufuli.

Uziada wa tatu ni wa vidole. Katika gari la kale, taa zilikuwa na swichi yake, feni ilikuwa na kitufe chake, na mkono ulivijua gizani bila jicho kuondoka barabarani. Katika magari mengi ya leo, kazi hizo zimekusanywa katika kioo kimoja laini kisichopapaswa. Gari la mwenzangu lina shida ya ziada, nayo ni kwamba kioo chake huandika Kijapani na sauti yake husema Kijapani. Kila asubuhi humwamkia kwa maneno marefu ya adabu asiyoelewa hata moja, naye humjibu, "Marahaba." Tunacheka, lakini siku kioo kitakapoandika onyo la hatari, hatutakuwa na la kucheka. Kuanzia 2026, Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya, halitoi alama za juu kwa urahisi kwa gari lisilo na vidhibiti vya kushikika kwa kazi muhimu kama honi, vipangusa kioo na taa za ishara. Wenzetu wameanza kurudisha walichokitupa.

Asinielewe mtu vibaya akadhani kwamba nayapinga magari ya umeme. La hasha! Sehemu kubwa sana ya umeme wa nchi hii hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, na upepo wa Turkana, na maji ya Mto Tana, likiwamo bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 katika mpaka wa kaunti yetu. Petroli hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na mnamo Septemba 2023 lita moja ilipita shilingi 200. Mabasi ya umeme yalipoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, waliosimama nyuma yake walipumzika kuvuta moshi. Ni kweli kwamba mnamo Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Lakini na tusisahau Aprili 2022, wakati petroli ilipoadimika na wenye majerikani wakarudi nyumbani na majerikani matupu. Kila chombo kina siku yake mbaya.

Ninachopinga ni pupa. Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi ningeongeza kwamba hata msala ukiwa wako, si wa kupita, utazame mbachao kabla hujautupa, ujue ulikuwa ukikufaa kwa mambo gani. Hapo utajua ni nini cha kuutaka msala mpya ufanye.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) liukague mlio wa tahadhari kwa uzito ule ule wa breki na taa, kwa gari jipya na kwa lililotumika, na bodaboda za umeme zisisahauliwe. Wakati wa kuamua mlio uwe wa namna gani, wasioona waitwe wausikilize, maana wao ndio wataalamu. Pili, vyuo vyetu vya ufundi vifungue milango kwa mafundi wa jua kali, wapate kujifunza umeme wa magari kabla haujawaua au kuwanyima mkate. Tatu, magari haya yasemeshwe Kiswahili. Nchi iliyoweza kutohoa gia, klachi na breki haishindwi kutafsiri onyo la betri, na hii ni kazi ambayo idara zetu za lugha zingeweza kuianza hata kesho.

Kwenu walimu, nawaombeni jambo dogo. Siku moja wapelekeni wanafunzi langoni pa shule, mahali salama, wafumbe macho kwa dakika tano na waandike baadaye kila walichokisikia na walichokielewa kutokana nacho. Watagundua kwamba masikio yao yalikuwa yakijua mambo ambayo wao wenyewe hawakujua kwamba wanayajua. Kisha waulizeni, gari lisilo na sauti likipita, nani atakuwa wa kwanza kudhurika?

Mwenzangu hulipenda gari lake, nami hupanda naye bila wasiwasi. Ila siku hizi, tukikaribia soko, huteremsha kioo cha dirisha na kupiga honi kidogo, polepole, kama mtu abishaye hodi. Ni suluhisho la muda tu. Haifai usalama wa kijana yule utegemee adabu ya dereva mmoja. Aliuliza, "Kwani kuna gari?" Inapasa gari lenyewe limjibu.